Kipande cha Kati cha Ozella Lyles

Wimbo ule unaoupiga mluzi ukinyoa ndevu, ni nani aliyeutunga? Usitaje jina lililo kwenye santuri. Jina la kwenye santuri ni la mtu aliyekuwa na ofisi. Umeulizwa mtunzi, nawe humjui, na kosa si lako. Waliokuuzia wimbo hawakutaka umjue.

"Nisubiri Ngazini" umepigwa na kila bendi unayoweza kuitaja. Unapigwa redioni, unapigwa harusini, unapigwa kwenye lifti za maduka makubwa watu wakiwa wamebeba mifuko na hawasikilizi. Karatasi yake ya noti ina jina la bwana mmoja wa New York ambaye hakuwahi kukanyaga Pittsburgh ila kwa kubadilisha treni. Lakini watu wa Hill, mtaa wa weusi wa Pittsburgh, walipokuwa bado na Hill ya kuishi, walijua ukweli. Vipande vitatu vya wimbo ule vilikuwa vya Hosea Lyles, mpiga piano. Kile kingine, kile cha kati ambacho watu hufumba macho kikifika, kilikuwa cha mkewe Ozella, aliyefua na kupiga pasi nguo za watu, na ambaye piano aliigusa kwa kitambaa cha vumbi tu.

Rufus Benbow, mpiga dramu, alilijua hilo kuliko wote, kwa sababu alikuwepo.

Ilikuwa majira ya baridi, kabla tu ya mafuriko makubwa ya mwaka wa thelathini na sita. Rufus alikuwa amekaa jikoni kwa akina Lyles kwa sababu chumba alichopanga hakikuwa na moto. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi ili joto la jiko limfikie Hosea kwenye piano. Hosea alikuwa amepata kipande kimoja, na kilikuwa kizuri: sauti inateremka kidogo kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi za mlimani alfajiri kwenda kiwandani, na mwishoni inaruka kidogo, kama mtu huyo amekumbuka kitu akageuka kutazama nyuma. Vipimo vinane, kila kipimo mapigo manne. Alikipiga mara moja, akakirudia, kwa sababu ndivyo nyimbo za wakati ule zilivyojengwa: unasema neno lako, unalisema tena ili lishike, halafu unaondoka kwenda mahali pengine kabisa, kisha unarudi kulisema kwa mara ya mwisho. Ukirudi, maneno ni yaleyale lakini wewe si yuleyule. Hosea alikuwa na la kusema, na alijua atakavyorudi. Alichokosa ni mahali pa kwenda.

"Rufus, nimekwama," alisema kutoka sebuleni.

"Umekwama tangu Jumatatu."

"Nikishafika hapa chini, niende wapi?"

"Njoo ule."

Ozella alikuwa mezani, akipiga pasi mashati ya daktari mmoja wa Squirrel Hill, mtaa wa wenye fedha. Alikuwa na pasi mbili za chuma. Moja anaitumia, nyingine imekaa juu ya jiko inapata moto. Ya mkononi ikipoa anairudisha juu ya jiko, anachukua ile yenye moto, anaendelea. Hosea alipiga kile kipande mara mbili, akanyamaza kama alivyonyamaza wiki nzima. Ozella hakunyamaza. Alikuwa akiufuata wimbo kwa mgumio, midomo imefungwa, bila kujijua, na Hosea alipoishia yeye akaendelea. Sauti yake ikapanda, ikaacha ufunguo ule wa muziki wa Hosea ikaingia mwingine, kama mtu aliyefungua dirisha la juu. Katikati ya safari pasi ikapoa. Akavuta pumzi, akaiweka, akachukua ya pili, na neno lililokuwa linafuata likachelewa pigo moja. Kisha akateremka taratibu mpaka akafika palepale ambapo kipande cha Hosea huanza.

Hosea alitokea mlangoni.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hicho ulichokuwa unaimba."

"Mimi nilikuwa naimba?"

"Zella, usinifanyie utani."

"Hosea, hili shati ni la daktari. Nikiliunguza utalivaa wewe."

Alijaribu kurudia akiwa amesimama, mikono kiunoni, na hakikuja. Ilibidi apige pasi ndipo akikumbuke. Kwa hiyo shati lile la daktari lilipigwa pasi mara tatu, Hosea akikimbia kati ya jikoni na piano, na Rufus akigonga mapigo kwa kijiko juu ya meza. Mara zote tatu pale katikati neno lilichelewa, kwa sababu mara zote tatu alibadilisha pasi. Hosea aliliacha lichelewe. Alisema huo ndio wimbo wenyewe, mengine yote ni njia ya kufika hapo.

Miezi michache baadaye alikuja mtu kutoka New York, akawakusanya wapiga piano weusi kwenye ukumbi wa hoteli ambayo hawakuruhusiwa kulala. Hosea alitia sahihi. Alichopata kilitosha kumnunulia Ozella koti la sufu lenye manyoya shingoni, naye alilivaa mpaka manyoya yakaisha. Huko ofisini wakauchukua wimbo wakaangalia, wakasema pale katikati waimbaji watajikwaa. Wakaliondoa lile pigo la kuchelewa. Neno likaletwa mapema, kwa wakati wake, kama askari. Waliuiba wimbo, na walipokwisha kuuiba wakaunyoosha, na dunia nzima ikajifunza ule ulionyooshwa. Wezi wengine angalau huacha kitu kama walivyokikuta.

Hill hawakuunyoosha. Kila Jumapili mchana, baada ya kanisa, klabu ya wanamuziki ilifungua milango, na bendi ya Hosea ilifunga kwa wimbo ule. Kulikuwa na desturi yake. Kipande cha kati hakikupigwa na mtu mwingine. Saksafoni ilipofika pale ilinyamaza, besi ikapunguza sauti, piano ikabaki peke yake na brashi za waya za Rufus chini yake. Ozella mwenyewe alikaa kwenye ncha ya kushoto ya benchi la piano, kofia ya kanisani kichwani, mkoba mapajani. Kipande chake kikikaribia alimwinamia mumewe sikioni na kugumia pamoja naye.

"Shemeji," Alonzo Spivey wa saksafoni alizoea kumwambia, "tumeajiri mwimbaji halafu hatukuambiwa?"

"Wewe puliza hilo bomba lako," Ozella alimjibu. "Ukipuliza vizuri nitanyamaza."

Rufus alikuwa nyuma yao, karibu kiasi cha kuweza kuwagusa kwa fimbo zake. Alizoea kuwatazama na kuwaonea wivu kidogo. Mkewe mwenyewe alikufa mapema. Alifikiri: watu wamezeeka na bado wananong'onezana.

Ozella alianguka kwenye foleni ya basi, Oktoba ya mwaka wa sitini na nne, mfuko wa viazi mkononi. Hakuamka. Binti yao, Earlene, aliyekuwa akifanya kazi katika jiko la shule moja huko Cleveland, alifika usiku uleule, na mkesha wa mazishi akamwita Rufus nyumbani.

"Mjomba Rufus, kaa."

"Mtu akiniambia kaa katika jiko hili bila kunipa kahawa, najua kuna jambo."

"Kahawa ipo. Baba ameipika bila maji. Unaweza kuitafuna."

Rufus alicheka. Earlene hakucheka. Alikuwa na mabega ya mama yake, na namna ya mama yake ya kufuta meza iliyokwisha kuwa safi.

"Nampeleka Cleveland," alisema.

"Vizuri. Akapumzike wiki mbili."

"Akaishi."

"Hosea hawezi kuishi Cleveland. Mimi nimewahi kukaa Cleveland. Hata mvua ya kule inanyesha bila mdundo."

"Mjomba, juzi ametoka na slipa na fulana. Polisi amemkuta kwenye uwanja wa kuegesha magari, kule chini, anakwenda gari hadi gari. Anatafuta mlango wa nyumba."

Rufus aliujua uwanja ule. Pale ndipo ilipokuwa nyumba ya jiko la makaa na pasi mbili, na jirani yake kinyozi, na mbele yake kanisa lao la matofali, na zaidi ya watu elfu ambao mji uliwaambia wapishe maendeleo. Maendeleo yalikuja. Yalikuwa lami, na mistari myeupe ya kuonyesha kila gari lisimame wapi.

"Hakupotea huyo," Rufus alisema. "Alikwenda nyumbani. Waliobomoa nyumba ndio waulizwe wameipeleka wapi."

"Tukimaliza kuwauliza, Baba atakuwa amekwisha gongwa na gari."

"Ana mimi."

"Wewe una miaka sitini na minane na unaishi juu ya duka la samaki."

"Samaki hawajawahi kunilalamikia."

Hapo Earlene alitabasamu kidogo, akaketi.

"Ukimtoa kwenye piano unamuua," Rufus alisema. "Nisikilize, mwanangu. Jikoni anapotea, barabarani anapotea, sikatai. Kwenye piano hapotei. Jumapili iliyopita tu tulipiga saa nzima, hakukosea hata mahali pamoja. Mtu wa namna hiyo humng'oi."

Earlene alimtazama kama mtu anayepima kama aseme jambo au alimeze.

"Basi na tuone," alisema mwishowe. "Kesho kwenye chakula cha mazishi apige wimbo wa Mama. Wote, mwanzo mpaka mwisho, bila mtu kumshika mkono. Akiumaliza, abaki, nami nitakuwa nakuja kila mwisho wa mwezi. Asipoumaliza, kesho kutwa asubuhi tunaondoka, na wewe Mjomba hutanibishia."

Rufus alimpa mkono palepale. Alitoka mle ndani akiwa na furaha ambayo aliona haya kuwa nayo mkesha wa mazishi. Wimbo ule Hosea angeweza kuupiga amelala.

Kwa kuwa ukumbi wa kanisa ulikuwa umekwenda na kanisa, chakula kiliandaliwa klabuni. Akina mama walifunika rafu ya chupa za pombe kwa shuka jeupe, kwa heshima ya mchungaji. Shuka lilikuwa la Ozella, mikunjo ya pasi yake ingali inaonekana. Kulikuwa na kuku wa kukaanga, mboga za majani zilizochemshwa na mguu wa nguruwe, makaroni ya jibini, mkate wa mahindi na keki za viazi vitamu. Watu walikula na kumsema marehemu kwa mema, na wengine kwa kweli, jinsi alivyowahi kumrudishia mke wa mwanasheria sketi bila kuipiga pasi kwa sababu alimwita kwa kupiga vidole.

Hosea alivaa suti nyeusi. Watu walipompa mkono aliwashukuru kwa majina yao, na Rufus alimtazama Earlene kwa mbali kama kumwambia, unaona. Kisha Rufus mwenyewe akaenda akaweka kofia ya Ozella, ile ya kanisani, kwenye ncha ya kushoto ya benchi. Hosea alikaa kando yake, akaitazama, akaitengeneza ikae sawa. Spivey akachukua saksafoni. Mpiga besi akasogea. Rufus akashika brashi za waya.

Kipande cha kwanza kilishuka vizuri, polepole kuliko kawaida. Wanawake wawili waliweka uma chini. Cha pili kikarudia cha kwanza, na ule mruko wa mwishoni, yule mtu anayegeuka kutazama nyuma, Hosea aliupiga kwa namna iliyomfanya Rufus aume mdomo. Sasa kilikuwa kinafuata cha kati. Kazi ya mpiga dramu katika nyimbo hizi ni kujua mlipo wakati wengine wanaota, na kila kipande kikikaribia kwisha huwa anagonga kidogo, kama mtu anayebisha hodi, ili wote waingie pamoja. Rufus alibisha. Spivey alishusha saksafoni, kama desturi ilivyotaka.

Hosea akapiga kipande cha kwanza.

Mtu yeyote anaweza kufanya hivyo. Wimbo wa namna hii ukizunguka, kipande cha mwisho cha duara moja hufuatwa na viwili vya mwanzo vya duara jingine, vitatu vinavyofanana mfululizo, na hapo ndipo vijana huchanganyikiwa wasijue kama wamo cha pili au cha tatu. Wakubwa huwacheka. Lakini hapa hawakuwa wamezunguka hata mara moja. Na kuna kanuni ambayo kila mwanamuziki wa Hill alifundishwa kabla ya kufundishwa kushika ala: mwenye wimbo hapotei. Akiruka, rukeni naye. Akirudi nyuma, rudini naye. Kumwonyesha mtu mbele ya watu kwamba amekosea katika wimbo wake mwenyewe ni kumvua nguo. Kwa hiyo besi ilimfuata, brashi zikamfuata, na walaji wakadhani ni mapambo ya msiba.

Rufus alibisha tena. Hosea akarudi kipande cha kwanza.

Mara ya nne Rufus aliweka brashi chini, akachukua fimbo, akalifungua toazi kwa pigo ambalo halikufaa matanga. Mchungaji aligeuka. Earlene alikuwa amesimama karibu na mlango, rundo la sahani mikononi, na hakusogea. Na Hosea, vidole vyake vikiwa bado vinashuka ngazi zilezile, alianza kuinama kushoto. Aliinama polepole, akatega sikio juu ya kofia, akasubiri.

Hapo Rufus akaelewa. Mwishoni mwa miaka ile yote ya kuwaonea wivu, alikuwa akimtazama mwanamke anayemshika mumewe asianguke. Ule haukuwa mnong'ono. Ozella alikuwa akimpa kipande, kila Jumapili, noti kwa noti, na kuchezea mkoba wake ili watu wasijue.

Angeweza kuendelea kumfuata. Wangezunguka hivyo mpaka Hosea achoke, wakafunga kwa heshima, na watu wangekwenda nyumbani. Lakini Spivey alikuwa mtu wa huruma, na huruma ilimshinda. Aliinua saksafoni akakipiga yeye kipande cha kati.

Spivey alikuwa amepiga kile kipande mara nyingi, lakini si Hill. Hill alikuwa akinyamaza. Alikipiga Atlantic City, kwenye mahoteli, kwa karatasi ya New York. Kikatoka kisafi, na pale katikati neno likaja kwa wakati wake, kama askari.

Hosea alitoa mikono kwenye piano.

"Hiyo siyo," alisema.

Besi ilinyamaza. Spivey alishusha bomba lake.

"Ndiyo yenyewe, mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nakusaidia tu."

"Hiyo ni ya yule bwana." Hosea hakukasirika. Aligeukia kofia. "Zella, waambie. Waambie inavyokwenda."

Ukumbi mzima ulisikia. Mtu mmoja alikohoa, na mtoto akaambiwa anyamaze ingawa hakuwa amesema kitu. Hosea alisubiri jibu akiwa ameinamisha kichwa kwa adabu, mpaka Earlene alipoweka sahani chini, akaja, akamshika mkono.

Watu walipoondoka, akina mama wakiwa wanakunja shuka la chupa, Rufus alimfuata Earlene kwenye ngazi ya nyuma.

"Ulijua," alimwambia.

"Mama alinipigia simu, mwaka wa pili huu. Akaniambia, baba yako amekisahau kipande changu. Hakusema amesahau jina lake, ingawa mara nyingine alilisahau. Alisema kipande changu." Earlene alijifuta uso kwa aproni. "Akaniapisha nisimwambie mtu, wewe hasa. Alisema ukijua utaanza kumpigia polepole, naye ataona."

"Ningempigia polepole, kweli."

"Ndiyo hivyo."

Rufus alirudi ndani. Hosea alikuwa bado kwenye benchi. Rufus alikaa mahali pa kofia, akaipakata, akajaribu. Aliinama sikioni kwa rafiki yake akagumia. Lakini Rufus hakujaliwa sauti. Maisha yake yote alikuwa mtu wa mapigo, na kilichotoka ni kama mlango unaohitaji mafuta. Hosea alimtazama kwa upole.

"Una homa?"

Rufus akaacha kugumia, akaanza kugonga kwa vidole juu ya ubao wa piano. Hilo aliliweza. Aligonga kipande chote, jinsi kinavyopanda, jinsi pumzi inavyovutwa, jinsi neno linavyochelewa.

"Hapo," Hosea alisema, uso ukamwangaza. "Hapo unapongoja. Ndiyo hapo." Akaweka mikono juu ya vitufe vya piano, akaiacha hapo. "Lakini noti, Rufus. Noti ziko wapi?"

Rufus hakujua. Tangu jikoni kule alikuwa amekisikia kuliko mtu yeyote aliye hai, na hakuwa na hata noti moja ya kumpa.

Usiku kucha alitunga maneno. Alijua ameahidi kutobisha, lakini alijiambia kwamba ahadi ya mkesha wa msiba si ahadi. Angemwambia Earlene kwamba atahama duka la samaki, atakuja kulala kwa Hosea, ataficha slipa, atapika kahawa yeye. Angemwambia kwamba mji umechukua nyumba, na kanisa, na kinyozi, na New York imechukua wimbo, na sasa hata mtu mwenyewe anachukuliwa, na je, pana mwisho? Aliyapanga vizuri. Asubuhi alivaa kofia, akaenda.

Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Masanduku mawili yalikuwa sebuleni, yamefungwa kamba, na piano imefunikwa blanketi. Rufus alipita mpaka mlango wa jikoni, mdomo ukiwa tayari, na hapo akasimama.

Earlene alikuwa mezani, amemgeuzia mgongo, anampigia baba yake pasi shati la safari. Pasi ilikuwa ya umeme, ile aliyomletea mama yake Krismasi moja. Hosea alikuwa amekaa upande wa pili, na fulana yake, mikono juu ya kitambaa cha meza. Na Earlene alikuwa anagumia. Huyu ambaye tangu utotoni aliuchukia muziki kwa kumchukua baba yake kila usiku, huyu ambaye hakuwa na santuri hata moja nyumbani kwake, alikuwa anagumia bila kujijua, kola kwanza, kisha bega, na sauti yake ikaacha ufunguo mmoja ikapanda kwenye mwingine.

Vidole vya Hosea vilisogea kwenye kitambaa cha meza.

Mgumio ulipanda mpaka pale. Pasi ya umeme haipoi, haina mwenzake juu ya jiko wa kubadilishana naye. Lakini Earlene alivuta pumzi, akainyanyua pasi kutoka kwenye shati, akaishika hewani pigo moja, kisha akaishusha, na neno likaja likiwa limechelewa. Vidole vya Hosea vilikuwa vimelingoja. Vikalipokea, vikateremka nalo. Earlene alifika mwisho wa kipande chake akanyamaza, kwa sababu mkono wa shati ulikuwa umekwisha. Hosea hakunyamaza. Aliingia kipande cha mwisho peke yake, mezani, bila sauti, akashuka ngazi zote moja moja, na mwishoni kabisa, pale mtu anapogeuka kutazama nyuma, kidole chake kidogo kiligonga meza mara moja kikatulia.

"Inua mikono, Baba," Earlene alisema. "Shati bado lina joto."

Hosea aliinua mikono kama mtoto, akavalishwa. Earlene alipogeuka alimwona Rufus mlangoni, na uso wake ukajiweka tayari kwa mabishano.

"Mjomba. Ulitaka kusema nini?"

Rufus alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akarudi sebuleni, akainua sanduku zito kuliko jingine, akatangulia kulipeleka garini.